Kujua tarehe si kujua historia: somo kutoka mitihani ya Marekani

Sauti za WhatsApp zinazotoka Marekani zinatuletea habari za kazi, za baridi, za watoto wanaosahau Kiswahili. Siku hizi zinatuletea pia maswali ya historia. Mama mmoja wa jamaa yetu, aliyekimbia Kivu ya Kusini na kukaa miaka mingi kambini kabla ya kupokelewa Kentucky, anajitayarisha kwa mtihani wa uraia. Jioni mjukuu wake anashika karatasi na kumuuliza: ni kundi gani la watu lililopelekwa Amerika na kuuzwa kama watumwa? Mama anajibu: "Watu kutoka Afrika." Mjukuu anasema jibu ni sawa, twende kwa swali lingine. Mama anashangaa: "Ni hivyo tu? Imeisha?"

Ndiyo, imeisha. Amepata alama yake. Lakini mshangao wa mama huyu unagusa jambo ambalo Wamarekani wenyewe wanalibishania tangu zaidi ya miaka mia moja: mtu akijibu swali la historia vizuri, je, anajua historia? Na asipojibu, je, hajui kitu?

Jambo hili linatuhusu. Wakongo wengi wako Marekani leo. Katika mwaka wa bajeti wa 2023 peke yake, inchi hiyo ilipokea wakimbizi zaidi ya 18,000 kutoka kwetu, kuliko waliotoka inchi nyingine yoyote. Watoto wao wanasoma historia ya Marekani shuleni, na wazazi wao wanaikariri kwa ajili ya uraia. Na sisi tuliobaki huku tuna mitihani yetu na historia yetu ambayo kila mmoja anaivuta upande wake. Kwa hiyo tuangalie vizuri yanayotokea kule.

Tuanze na hesabu. Marekani ina mtihani wa taifa unaoitwa NAEP. Haumpi mwanafunzi diploma wala haumrudishi darasa. Unachukua sehemu ya wanafunzi kutoka shule mbalimbali ili kupima hali ya masomo katika inchi nzima. Mwaka wa 2022 ulipima historia kwa wanafunzi wa darasa la nane, yaani watoto wa miaka 13 au 14. Asilimia 13 tu ndio waliofika kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kujua vizuri. Asilimia 40 hawakufika hata kiwango cha msingi. Alama ya wastani ilikuwa 258, wakati mwaka wa 2014 ilikuwa 267. Matokeo yalipotangazwa mwaka wa 2023, magazeti yalipiga kengele, wanasiasa wakalaumiana, na wengi wakasema simu na korona ndizo zilizoharibu vijana.

Korona iliumiza masomo, hakuna anayekataa. Lakini alama zilianza kushuka kabla yake, na kilio chenyewe ni cha zamani kuliko simu, kuliko televisheni, kuliko hata redio katika nyumba nyingi.

Mwaka wa 1917, wataalamu wawili, J. Carleton Bell na David McCollum, walitoa matokeo ya mtihani waliowapa wanafunzi wapatao 1,500 katika jimbo la Texas. Wengi walijua mwaka wa 1492, wakati Columbus alipofika, lakini mwaka wa 1776, wakati inchi yao ilipotangaza uhuru, uliwasumbua zaidi. Wengine walichanganya Thomas Jefferson, aliyeandika tangazo la uhuru, na Jefferson Davis, aliyeongoza majimbo ya kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Wanafunzi wa shule za sekondari walipata wastani wa asilimia 33.

Mwaka wa 1943, katikati ya vita vya pili vya dunia, gazeti la New York Times liliwapima wanafunzi 7,000 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu 36. Ni asilimia 6 tu walioweza kutaja makoloni 13 yaliyozaa Marekani. Robo yao hawakujua kwamba Abraham Lincoln ndiye aliyekuwa raisi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Gazeti lilipewa tuzo ya Pulitzer, na wazee wakatikisa vichwa. Lakini vijana hao ni wa kizazi ambacho leo Wamarekani wanakisifu kuliko vizazi vyao vyote, kile kilichopigana na Hitler na Japani na kurudi kujenga inchi.

Mwaka wa 1987, Diane Ravitch na Chester Finn walitoa kitabu juu ya vijana wa miaka 17. Waliojua kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipiganwa kati ya 1850 na 1900 hawakufika hata nusu. Walikuwa karibu theluthi moja. Mwaka wa 2010, mtihani wa NAEP ulionyesha kwamba ni asilimia 12 tu ya wanafunzi wa darasa la kumi na mbili waliofika kiwango cha kujua vizuri.

Msomaji anaona tayari mwendo wake. Kila kizazi cha wazee kinaona kwamba vijana wake ndio wa kwanza kusahau, kumbe na wao waliambiwa vilevile. Mwanahistoria wa elimu Sam Wineburg, wa chuo kikuu cha Stanford, aliuliza swali ambalo wengi walilipita: ikiwa kwa karne nzima kila mtihani unatoa jibu lilelile, labda tusiwaangalie wanafunzi peke yao. Tuangalie pia mtihani.

Namna mitihani hii inavyotengenezwa inaeleza mengi. Mtihani wa maswali ya kuchagua unataka kuwatenganisha wanafunzi: huyu juu, yule katikati, yule chini. Swali ambalo karibu wote wanalijibu halitenganishi mtu, kwa hiyo mara nyingi linaondolewa. Yanabaki yale yanayowaangusha wengi. Baadaye tunatangaza kwa mshangao kwamba wengi wameanguka. Ni kama kuchagua ngazi kwa sababu watu wanaanguka juu yake, halafu kulia kwamba watu wa siku hizi hawajui kupanda.

Tusiende haraka upande wa pili, lakini. Kuna wanaosema mitihani hii si kitu na kwamba ujinga wenyewe ni hadithi. Hatukubaliani nao. Swali moja la mwaka wa 2010 linatosha kutunyamazisha. Wanafunzi wa darasa la kumi na mbili walipewa maneno ya uamuzi wa mahakama kuu katika kesi ya Brown dhidi ya Board of Education ya mwaka wa 1954. Maneno hayo yanasema waziwazi kwamba shule zinazowatenga watu haziwezi kuwa sawa. Wakaulizwa: uamuzi huu ulitaka kurekebisha tatizo gani? Hapakuhitajika tarehe wala jina la jaji. Jibu lilikuwa karibu kulala juu ya karatasi: watoto weusi walikuwa wakitengwa na watoto weupe shuleni. Waliojibu kikamilifu walikuwa asilimia 2.

Hao hawakushindwa kwa sababu ya kusahau tarehe. Walishindwa kusoma maneno ya wakati mwingine na kujua yalisemwa na nani, kwa nani, na kwa sababu gani. Ugonjwa wenyewe uko hapo, na hauponi kwa kukariri tarehe zaidi.

Wineburg na wenzake walitoa mfano mwingine mzuri. Waliwaonyesha wanafunzi picha iliyochorwa ya sikukuu ya kwanza ya shukrani, ile ambayo Wamarekani wanasema ilifanyika mwaka wa 1621 kati ya wazungu waliofika na wenyeji wa inchi. Chini ya picha iliandikwa kwamba ni ya mwaka wa 1932. Swali lilikuwa: je, picha hii inaweza kumsaidia mwanahistoria kuelewa uhusiano wa watu hao mwaka wa 1621? Jambo la kuona lilikuwa moja: kuna miaka 311 kati ya tukio na picha. Aliyechora hakuwepo, alichora mawazo ya wakati wake. Wanafunzi wengi hawakuliona. Walisifu picha kwa sababu inaonyesha chakula na watu wanaokaa pamoja. Tarehe mbili walizisoma, lakini hawakuzitumia.

Sasa turudi kwa mtihani wa uraia ule unaomsumbua mama yetu wa Kentucky. Katika orodha ya maswali 100 iliyotumika tangu mwaka wa 2008, mtu aliulizwa maswali hadi 10, kwa mdomo, na akipata 6 anapita. Moja lilisema: taja tatizo moja lililoleta vita vya wenyewe kwa wenyewe. Majibu yaliyokubaliwa yalikuwa matatu: utumwa, sababu za uchumi, au haki za majimbo. Ukitaja lolote, alama ni ileile. Lakini jimbo la Mississippi lilipojitenga mwaka wa 1861, lilieleza sababu zake kwa maandishi, na mbele ya zote liliweka utumwa. "Haki za majimbo" zilizotetewa zilikuwa kwanza haki ya kumiliki watu. Mtu anaweza kupita mtihani kwa jibu linaloficha jambo kubwa kuliko yote, na anayesahihisha hana njia ya kujua kama ameelewa au amekariri.

Pamoja na hayo, wageni wanaupita vizuri: karibu tisa kwa kumi wanafaulu. Wamarekani wenyewe je? Mwaka wa 2018, taasisi ya Woodrow Wilson National Fellowship Foundation iliwapa watu wazima 1,000 maswali yaliyotoka kwenye mtihani huo, na ni asilimia 36 tu waliofaulu. Kwa walio chini ya miaka 45, asilimia 19. Hapa kwetu watu wanacheka wakisikia hivyo, lakini kicheko hakina maana sana. Mgeni anafaulu kwa sababu amepewa orodha, amepewa muda, na maisha yake yako juu ya meza. Mwenyeji aliulizwa ghafula, bila kupoteza kitu. Mpe mgeni mtihani uleule baada ya miaka kumi, bila orodha, tuone.

Majimbo kadhaa yalifikiri dawa ni kuwapa wanafunzi mtihani wa wageni. Arizona ilitangulia mwezi wa Januari 2015: mwanafunzi apate angalau 60 kati ya maswali 100 ya uraia kabla ya kumaliza sekondari. Nia ni nzuri. Lakini kijana anaweza kukariri orodha kwa wiki mbili, kuitapika kwenye karatasi, na kubaki mtu yuleyule aliyeshindwa na picha ya 1621.

Serikali ya Marekani yenyewe ina sehemu yake ya lawama. Sheria ya elimu iliyosainiwa na Raisi George W. Bush mwezi wa Januari 2002 ililazimisha mitihani ya kila mwaka katika kusoma na hesabu. Historia haikuwekwa. Mwalimu anayepimwa kwa kusoma na hesabu atafundisha nini saa ya mwisho ya siku? Na wanasiasa wamezidi kuifanya historia uwanja wa ngumi. Mwezi wa Januari 1995, Seneti ilipiga kura 99 kwa 1 kulaani mwongozo mpya wa kufundisha historia, wengi wakisema unaidhalilisha inchi. Tangu wakati huo kila upande unapigania majina gani yaingie kitabuni na yapi yatoke. Kuhusu namna ya kumfundisha mtoto kupima ushahidi, kelele ni kidogo.

Lakini kuna habari ya kutia moyo ndani ya mambo hayo yote. Mwaka wa 2008, Wineburg na Chauncey Monte-Sano waliwauliza wanafunzi wapatao 2,000 wa sekondari wawataje Wamarekani mashuhuri kuliko wote, bila kuhesabu maraisi. Wa kwanza alikuwa Martin Luther King, akitajwa na asilimia 67. Wa pili Rosa Parks, asilimia 60. Wa tatu Harriet Tubman, asilimia 44. Watu weusi watatu, na wawili kati yao ni wanawake, mmoja akiwa mtumwa aliyetoroka na kurudi kuwatoa wengine. Majina ambayo shule iliyafundisha tena na tena, kwa hadithi na kwa sababu, hayakupotea. Kwa hiyo vijana wanaweza kukumbuka, ikiwa wanachofundishwa kina uso na maana.

Na sisi Wakongo tuna sababu yetu ya kupenda mtihani unaokwenda mbali kuliko orodha. Sehemu ya historia ya Marekani imelala katika udongo wetu. Sehemu kubwa ya uranium iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima la Agosti 6, 1945 ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Watumwa walioasi kule Stono, South Carolina, mwezi wa Septemba 1739, wengi wao, wanavyosema wanahistoria, walitoka upande wa ufalme wa Kongo. Na mwaka wa 1975, kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe ilieleza kwamba CIA ilipanga mwaka wa 1960 kumuua Patrice Lumumba kwa sumu, ingawa si mpango huo uliomuua Katanga mwezi wa Januari 1961. Mtoto wa Kikongo anayesoma Texas au Iowa anaweza kupata alama zote za mtihani wake bila kusikia hata moja la mambo haya. Jibu "watu kutoka Afrika" halimwambii kwamba wengine kati yao walikuwa na ufalme, dini na lugha kabla ya kupandishwa merikebu.

Tusinyooshee Marekani kidole peke yake. Kwetu, kijana anamaliza sekondari kwa mtihani wa serikali ambao sehemu yake kubwa ni kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Anajua kwamba mkutano wa Berlin ulimalizika mwaka wa 1885. Anajua Juni 30, 1960. Lakini ni mara ngapi mwalimu amempa barua, ramani au hotuba ya zamani na kumwuliza: nani aliandika hii, wakati gani, akitaka nini, na ni nani hakuulizwa? Mwalimu mwenyewe ana wanafunzi sitini darasani, hana kitabu, na mshahara unachelewa. Hatumlaumu. Tunasema tu kwamba pengo lipo.

Na katika mashariki ya Congo pengo hilo si jambo la shule tu. Kila siku tunapokea kwenye simu ramani za zamani zisizo na tarehe, picha zisizo na mwenyewe, sauti za watu wanaosema "historia inaonyesha" kwamba kilima hiki ni cha kabila fulani na wale wengine ni wageni. Watu wamechukua silaha kwa ajili ya maneno kama hayo. Watu wamezikwa. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "ramani hii ilichorwa na nani, mwaka gani, kwa faida ya nani?" hatazuia vita peke yake. Lakini ni vigumu zaidi kumsukuma.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Mitihani ya historia ibaki, kule na huku. Inchi isiyopima haijui inakwenda wapi, na tarehe ni misumari. Bila misumari hakuna nyumba inayosimama. Lakini hakuna anayelala ndani ya sanduku la misumari. Katika kila mtihani liwepo angalau swali moja linalompa mwanafunzi karatasi ya zamani na kumtaka aeleze kwa maneno yake inasema nini na kwa nini tuiamini au tusiiamini. Kusahihisha kutachukua muda na pesa. Kulipa kizazi kinachodanganywa kwa picha moja ya simu kunagharimu zaidi.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani, tuongeze neno la kazi. Tangu Oktoba 20, 2025, wanaopeleka maombi mapya ya uraia wanajifunza orodha ya maswali 128. Wanaulizwa hadi 20 na wanapaswa kupata 12. Wazee wenye miaka 50 na zaidi ambao wamekaa miaka 20 na karatasi ya ukaaji wa kudumu, au wenye miaka 55 ambao wamekaa miaka 15, wanaweza kujibu kwa lugha yao wenyewe. Wengi hawajui, wanaogopa Kiingereza na kukata tamaa bure. Waambieni. Na vijana wanaowasaidia wazee kukariri jioni, msiishie kwenye jibu. Mama akishajibu "watu kutoka Afrika", zimeni simu kidogo. Mwelezeni walitoka wapi, walipitia wapi, waliasi wapi. Kisha mwulizeni na yeye alikimbia nini, kwa njia gani, na nani alimpa maji njiani. Yeye pia ni ushahidi, na hakuna orodha ya serikali itakayomuuliza hayo.